Mbegu Kumi Kwenye Majivu

Uani kwa Mzee Tanuri hapakuota hata magugu, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye macho. Lakini Mzee Tanuri alikuwa mwoka mikate, na mwoka mikate macho yake yako mbele, kwenye mdomo wa tanuri. Nyuma ni pa kutupa majivu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiyabeba kwa karai kila asubuhi mikate ikishatoka, anayamwaga uani, kati ya banda la kuni na choo cha nje, kisha anayasambaza kwa reki yasirundikane. Usafi huo aliujivunia sana. Mteja akichungulia kule nyuma, yeye anasema, "Umeona? Hakuna nyasi, hakuna nyoka." Nyoka ni kweli hawakuwepo. Hata sisimizi walikuwa wanapita pembeni, wakifuata ukuta.

Mkewe alikuwa binti wa wakulima. Watu walimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili, ambao sasa walikuwa mbali, chuoni, wakipiga simu wanapokumbuka. Yeye ndiye aliyesimama kwenye dirisha la mbele kuuza mikate, na alikuwa na ulimi mwepesi wa kuwachekesha wanunuzi mpaka wakasahau kwamba mikate imechelewa. Watoto walipoondoka, mikono yake ikaanza kuwasha. Alitaka kupanda kitu. Hakuomba shamba, maskini, aliomba ua.

"Baba Pacha, nipe ule ua wako."

"Chukua," akajibu mumewe huku akipima unga. "Wote wako."

Akaulima, akatengeneza matuta mawili, akapanda maharage na bamia, akamwagilia asubuhi na jioni. Hakikutoka kitu. Akapanda tena. Wapi! Ukifukua unakuta mbegu nyingine imeoza, nyingine iko vilevile kama siku ilipotoka kwenye pakiti, kana kwamba imekataa tu. Mama Pacha akasafisha jembe, akaliegemeza ukutani, akarudi dirishani kwake. Mumewe akamwambia, "Pole, mama, labda mbegu zilikuwa mbovu," na hadithi ya ua ikaishia hapo.

Au yeye alidhani imeishia hapo. Siku moja alasiri alikuwa ananyanyua trei za bati kuzipanga jikoni, akamsikia mkewe sebuleni anaongea na simu. Dada mkubwa wa Mama Pacha alikuwa na kitalu cha miche, mwendo wa nusu siku kwa basi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini kwamba simu haina nguvu mpaka uisaidie kwa kupiga kelele. Kila neno lilifika jikoni.

"Njoo, mdogo wangu! Mvua za kupanda zikikaribia nitazidiwa. Huyo shemeji atajipikia, si fundi wa mikate huyo? Mnakaaje huko mtu na mikono yako mizuri unauza mikate?"

Mzee Tanuri akangoja mkewe acheke kama kawaida yake, aseme ataangalia. Mama Pacha hakucheka. Alisema, "Nitakuja, dada. Miezi minne hii ikiisha nitakuja."

Mzee wa watu akaziweka trei chini. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na tangu aoe hajawahi kulala kwenye nyumba ile bila mkewe ila mara moja tu, siku walipozaliwa pacha. Alipoingia sebuleni akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Utakaa kwa muda gani?"

"Msimu kwa msimu. Mwisho wa mwezi nitakuwa nakuja kuwaona."

"Kuwaona akina nani? Niko peke yangu."

"Basi kukuona wewe."

"Sawa," akasema. Haikuwa sawa hata kidogo, lakini ndivyo wanaume wengine walivyo, wanasema sawa kisha wanaenda kusimama kwenye banda la kuni wakitazama ukuta. Na aliposimama pale, mbele yake kulikuwa na ule ua, mweupe na mtupu. Akajiambia: mwanamke huyu anafuata udongo. Ua huu ukiota, haondoki. Akaapa atauotesha yeye mwenyewe, kimyakimya, na siku ya safari amshike mkewe mkono ampeleke nyuma akajionee.

Mpango mzuri. Tatizo ni kwamba Mzee Tanuri alijua kila kitu kuhusu hamira na hakujua lolote kuhusu mbegu.

Alianzia kwa jirani, Mama Mayai, aliyefuga kuku mia mbili. "Mbolea ya kuku, baba, ndiyo mwisho wa maneno!" akamwambia Mama Mayai. "Weka nyingi. Mimea ni kama watu, inataka kushiba." Akaenda kwa Fundi Seremala, naye akacheka sana. "Kuku? Achana na harufu hizo. Changanya maranda ya mbao, udongo ulegee, upumue." Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na yeye mwenyewe alikuwa na yake: udongo umechoka, na aliyechoka hulishwa mkate. Ndiyo, mkate. Msicheke, alikuwa mwoka mikate, angewaza nini kingine?

Alitafuta makopo manne ya siagi, akayatoboa chini kwa msumari, akayajaza udongo wa uani. La kwanza akaliacha hivyo hivyo. La pili akachanganya na mbolea ya kuku, mbichi, bado ina unyevu. La tatu maranda. La nne mkate mkavu alioufikicha. Halafu, na hapa ndipo utamjua mtu kwa kazi yake, akaukanda ule udongo. Akaukanda kwa maji mpaka ukawa donge laini linalovutika, akaubonyeza kwa kidole kuona kama unarudi. Ukiambiwa uumue mkate, unakanda. Alidhani na udongo ni vilevile. Kila kopo akalitia mbegu kumi za maharage, akayapanga nyuma ya banda la kuni.

Siku ya nane akafukua. Kopo la kwanza, sifuri. La maranda, sifuri. La mkate lilikuwa limeota ukungu wa kijani mzuri sana, na chini yake mbegu kumi zilizooza. Alipofunua la mbolea ya kuku, harufu ikampanda puani hadi machozi yakamtoka, na mbegu mle zilikuwa zimekuwa nyeusi kama zimebabuliwa.

Angeweza kukata tamaa. Lakini kilichompata Mzee Tanuri pale, akiwa amechuchumaa na mbegu iliyoungua katikati ya kiganja, hakikuwa huzuni. Ilikuwa hamu ya kujua. Kwa nini hii imeungua na hakuna moto? Kwa nini ile imekaa kama jiwe? Alimaliza kuoka siku iliyofuata akiwa na maswali kichwani, akasahau kutia chumvi kwenye trei mbili, na Mama Pacha akasikia ya kusikia pale dirishani.

Yule aliyemfungua macho alikuwa bibi shamba wa mtaa, mshauri wa kilimo, binti mmoja mwenye pikipiki na viatu vya mpira, aliyepita kununua mkate wa moto. Mzee Tanuri akamvuta pembeni, akampitisha mlango wa nyuma. Binti akatazama ule ua mweupe, akauliza, "Mzee, una siki?"

"Ya kulia nini?"

"Nipe tu."

Akachota udongo kijiko kimoja, akauweka kwenye kisosi, akaumiminia siki. Udongo ukachemka! Ukatoa povu, ukifanya shhh, kama hamira iliyokutana na maji ya vuguvugu. Mzee Tanuri akapiga magoti chini, uso karibu na kisosi, akasahau kwamba ana wateja.

"Rudia," akasema. Binti akarudia. "Rudia tena."

"Mzee, siki itaisha. Haya ni majivu. Umemwaga majivu hapa muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

Binti akashika kiuno. "Basi. Majivu kidogo ni dawa, mengi ni sumu. Udongo huu umejaa chumvi ya majivu na ukali wake. Mbegu inataka kunywa maji iamke, na chumvi inayang'ang'ania hayo maji. Hata ikiamka, mzizi unakuta chakula kimefungwa, haukipati."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Tanuri alilitazama karai lake pale mlangoni kama mtu anayemtazama mwizi akakuta ni mtoto wa nyumbani. Mkewe alikuwa amelia juu ya matuta yale, ndani ndani, bila sauti, na aliyeyaua alikuwa mumewe, kila asubuhi, kwa reki. Aliona aibu mpaka masikio yakawasha.

"Nifanye nini?"

"Acha majivu. Mimina maji mengi, mengi kwelikweli, yaishushe hiyo chumvi chini. Halafu uchanganye mboji iliyoiva. Na mzee," akasema binti huku akivaa kofia yake ya pikipiki, "mwaka huu usitegemee makubwa."

Hilo la mwisho alilisikia kwa sikio moja tu. Tangu siku ile majivu yakawa yanaenda kwenye shimo la choo, na nyuma ya banda la kuni likaanza kukua biwi la mboji: majani makavu, maganda ya jikoni, mkate uliochacha, mbolea ya kuku kiasi, maranda kiasi, maji. Tabaka juu ya tabaka. Mama Mayai na Fundi Seremala kila mmoja akaamini ameshinda ubishi. Siku ya nne akachomeka nondo katikati, akaiacha kidogo, akaichomoa, akaigusa. Ilikuwa ya moto! Alirudi kuichomeka mara tatu kwa furaha. Hapa sasa alikuwa nyumbani. Joto alilijua.

Na kwa kulijua joto akakosea tena. Kwake yeye moto ndiyo kazi inafanyika, na ukiwa mkali zaidi, basi wakati umefika wa kuingiza mkate. Wiki ya tatu biwi likiwa bado linafuka mvuke, akachota ndoo, akapanda mbegu kumi. Zikaoza zote. Siku mbili alioka tu bila kuligusa biwi. Siku ya tatu, akiwa anasubiri unga uumuke, mkono juu ya kitambaa, likamjia lenyewe: unga ulio katikati ya kuumuka hauliwi. Una gesi, una uchachu, utakuvuruga tumbo. Lazima umalize safari yake. Mboji nayo ilikuwa bado safarini, na yeye alikuwa ameilisha mbegu ikiwa njiani. Alicheka peke yake kwa sauti. "Mjinga mimi! Mjinga!" Mama Pacha akachungulia kutoka dirishani kuona anaongea na nani.

Ikawa kungoja. Kila alasiri anageuza biwi kwa chepeo, anachomeka nondo, anaigusa, ananusa. Alijifunza kwamba uvundo ni dalili ya maji mengi na hewa kidogo, na kwamba donge lake la udongo uliokandwa lilikuwa limezinyonga zile mbegu za mwanzo kwa kuzinyima pumzi. Alikuwa akimsimamisha yeyote anayejua kitu. Alimuuliza Mama Mayai, akamuuliza bibi shamba, akamuuliza hata mchimba makaburi aliyekuja kununua mkate, udongo wa chini una rangi gani. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba Mzee Tanuri ana safari nyingi kwa Mama Mayai na kila akirudi ana kikapu kimefunikwa. Mama Pacha aliambiwa. Alijibu, "Mwacheni, ananunua mayai," na akafunga dirisha mapema siku hiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mumewe alikuwa ananusa mboji, hakusikia mshindo wowote.

Mwezi wa tatu ulipoisha, nondo ikatoka baridi. Ndani ya biwi hakukuwa tena na ganda wala mkate wala unyoya. Kulikuwa na kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Na minyoo! Minyoo minene, ya waridi, iliyofika yenyewe bila mwaliko. Mzee Tanuri akaikodolea macho muda mrefu. Akachekecha ile mboji kwa chekecheo la zamani la unga, akachanganya sehemu moja kwa tatu za udongo aliouchukua kando ya barabara, akapanda kumi kwenye kopo. Kumi nyingine akazipanda uani kwenyewe, kwenye kipande alichokimiminia maji kwa wiki nyingi na kukitia mboji ileile.

Siku ya saba kopo lilikuwa na maharage tisa, yameinamisha shingo, yanajikunjua. Tisa! Alitaka kupiga kelele. Akakimbilia uani. Zilikuwa mbili.

Akangoja siku ya nane, ya tisa, ya kumi. Mbili. Na siku ya kumi na moja ndiyo ilikuwa siku ya safari.

Alasiri hiyo begi la Mama Pacha lilikuwa tayari limekaa mlangoni. Mzee Tanuri alikuwa uani na lile kopo lenye miche tisa mkononi, na shetani alikuwa begani kwake akimwambia: ihamishe. Chimba vishimo, panda tisa hizi mstari mmoja na zile mbili, mwite mkeo. Nani atajua? Alichimba hata kishimo cha kwanza. Akaingiza vidole kwenye kopo kuutoa mche, kisha akaviondoa. Angempumbaza mkewe kwa wiki moja, miche ife, na yeye asingejua kamwe kwa nini zile nane hazikuota. Na alitaka kujua, jamani. Lilikuwa linamkera kama punje ya mchanga kwenye jino.

"Mbili," ikasema sauti nyuma yake.

Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, amevaa viatu vya safari, mkoba begani.

"Ulikuwa unajua?" akauliza mumewe.

"Mzee, umenuka kuku miezi minne halafu unaniuliza kama nilikuwa najua?"

"Nilitaka uone ghafla. Nilitaka ufurahi. Ni mimi niliyeuua huu ua, Mama Pacha, mimi na majivu yangu. Nilitaka nikurudishie kabla hujaondoka. Nimeshindwa. Ni mbili tu."

Mama Pacha hakutazama miche. Alimtazama yeye. "Umemuuliza Mama Mayai," akasema polepole. "Umemuuliza fundi wa mbao. Umemuuliza yule binti wa pikipiki. Mchimba makaburi, Baba Pacha! Mchimba makaburi umemuuliza. Mimi nimezaliwa shambani, nimelelewa shambani, nalala na wewe kitanda kimoja, na hujaniuliza hata neno moja. Siku ile sikupata kitu uliniambia pole ukaendelea kupima unga. Nikasema basi. Hapa mimi ni mtu wa dirishani tu." Akageuza uso.

Mzee Tanuri alibaki amepiga magoti na kopo lake. Neno pole lilimjia mdomoni, akalimeza, maana lilikwishatumika. Akatazama pale chini, akamtazama mkewe, akauliza lile lililokuwa linamkera kweli.

"Hizi nane. Kwa nini hazikuota?"

Barabarani basi lilipiga honi, ile ya kwanza ya kuwaita abiria. Mama Pacha akageuka kulitazama begi. Akalitazama hasa. Kisha akashuka ngazi moja ya mlango, akakunja gauni, akapiga magoti upande wa pili wa tuta na viatu vyake vya safari. Akachota udongo kidogo, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Bado ni chumvi. Mwaka jana ilikuwa inachoma, sasa inawasha tu." Akaingiza mkono. "Umechimba kina gani?"

"Kiganja."

"Kiganja! Unachimba kaburi la panya? Chimba mpaka kwenye kiwiko. Tazama hizi mbili zimetokea wapi. Zote ziko upande huu, si ndiyo? Huku kuna mteremko, maji yako yalipita yakaondoka na chumvi. Huko juu yamesimama, yakakauka, yakaiacha palepale."

"Kwa hiyo nikichimba mfereji?"

"Sikiliza kwanza. Mwaka huu hapa usipande maharage, maharage hayapendi chumvi kabisa. Tunapanda kitu cha kuvumilia, tunakikata, tunakifukia kikaoze humohumo. Msimu wa pili mboji tena."

"Na nitajuaje kwamba imetosha?"

"Kwa kuonja."

Mzee Tanuri akachota, akaonja, akakunja uso. Akauliza jingine. Na jingine. Honi ya pili ikalia, ndefu, kisha sauti ya basi ikakata kona ikapotea. Hakuna aliyeinuka. Dakika chache baadaye simu ikaanza kuita ndani ya mkoba wa Mama Pacha. Mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka kwenye kiwiko.

"Ni dada. Pokea wewe."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie siji," akasema Mama Pacha, akiendelea kufukua. "Mwambie mume wangu ameniuliza swali, na jibu lake ni la miaka mitatu."